Watoto wa Mama Vifungo

Jumatatu, 4 Machi

Miguu inawaka moto. Leo nimekabidhiwa nyumba mpya za kutembelea, zile za nyuma ya karakana ya matairi, ambako maji ya kufulia yanapita katikati ya njia na kila mlango una ubao wake wa kuvukia. Mwenzangu aliyekuwa akizitembelea ameacha kazi, anauza simu sasa. Heri yake — anakaa kwenye kiti!

Msimamizi anaiita kazi yetu "kuunganisha familia na huduma za afya". Mama mkwe anaiita kupiga hodi kwa watu na kuuliza yasiyokuhusu. Nikifikiria sana naona wote wamesema kweli.

Chumba cha mwisho nilifunguliwa na binti wa miaka kumi na kidogo, mtoto mgongoni. Mlango nusu, mguu wake kauweka nyuma kama kabari. Mama yuko wapi? Amelala. Mchana huu? Anafanya kazi usiku. Kazi gani? Vifungo. Na shule? Leo hakuna shule — na watoto wenye sare wanapita nyuma yangu! Hata hakupepesa macho. Yule mdogo mgongoni ananichekea kwa ufizi mtupu.

Jirani muuza mkaa alikuwa akitutazama. Akasema huyo wanamwita Mwenyekiti, kwake huingii bila kikao. Mdogo ni Kibogoyo. Mama yao ni Mama Vifungo, anashona vifungo vya mashati ya kiwandani, analipwa kwa rundo. Kisha akashusha sauti: "Ila Dada, usikae sana mle. Yule mama ana mambo yake." Mambo gani? Akarudi kwenye mkaa wake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeingia. Ilibidi nimbembeleze Mwenyekiti kama ninayeomba kura.

Mama Vifungo ni mdogo kuliko nilivyodhani. Pengine nimemzidi miaka saba. Chumba safi, kinanukia sabuni. Kitanda kimekatwa miguu, godoro liko karibu na sakafu. Jiko la mafuta ya taa chini, meza hakuna, kabati hakuna, vitu vyote viko chini. Nikasema moyoni, umaskini huu. Mjinga mimi.

Kibogoyo anaendelea vizuri, uzito wa kuridhisha, chanjo mbili zimempita. Baba yake? Alikwenda kutafuta kazi mji mwingine kabla mtoto hajazaliwa. Simu yake haiiti. Mama Vifungo alisema hivyo bila uchungu, kama anayesema mvua haijanyesha. Lakini aliongea taratibu, ulimi mzito, kama mtu aliyeweka kitu cha moto mdomoni. Na mkononi ana kovu, limetoka kiwiko hadi kiganja. Limetokana na nini? "Chai." Chai gani hiyo!

Nilipouliza tena, Mwenyekiti akasimama. "Mama anatakiwa amalize mashati." Kikao kimefungwa.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimeona kwa macho yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, namweleza habari za chanjo. Mama Vifungo ana sindano mkononi, anaitikia. Halafu akaacha kuitikia. Akatazama kona ya dari kana kwamba kuna mtu pale. Mwenyekiti aliwahi kabla mimi sijaelewa — akamnyang'anya sindano, akasukuma kopo la vifungo pembeni, akamlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa. Yote hayo Kibogoyo akiwa mgongoni! Mama yake akakakamaa, akatetemeka, povu, damu kidogo kutoka ulimini. Mwenyekiti akawa anamwambia, "Tayari mama, tayari, inakwisha." Sauti ile ile ambayo mtu mzima humbembelezea mtoto mchanga.

Kifafa. Ndiyo maana kitanda hakina miguu.

Alipozinduka na kuniona bado nipo, alilia. Si kwa maumivu. Alilia kwa sababu nimeona. Akasema mumewe alikimbia kwa ajili hiyo hiyo. Akasema pale bombani wenzake huinua ndoo zao akifika. Hajawahi kwenda hospitali hata mara moja, tangu aanze kuanguka akiwa msichana. Wazazi walimpeleka kwa watu wa kufukuza pepo, wakamfukizia moshi mpaka akazimia, wakasema pepo ametoka.

Nikamwambia kuna dawa. Vidonge vya kila siku, tena bure, pale kituo cha afya. Wengi wanakunywa na wanafanya kazi zao. Akanitazama sana.

"Nikienda kusema nina ugonjwa huu, Dada, si watasema sifai kulea?"

Nikamwambia hakuna atakayesema hivyo.

"Watoto wangu watabaki wangu?"

"Watabaki wako. Nani awachukue?"

Nilijibu haraka. Nilijibu kama mtu anayejua.

Ijumaa, 22 Machi

Siku njema! Ziandikwe na hizi pia, zisije zikadhani hazionekani.

Mama Vifungo amekunywa dawa wiki nzima na hajaanguka hata mara moja. Daktari wa kituoni alimpokea vizuri, hakumfokea. Kibogoyo kapata chanjo zake, alilia kama king'ora cha gari la zimamoto. Na leo nimempeleka Mwenyekiti shuleni. Mwalimu mkuu alikuna kichwa, akasema amekosa masomo mengi, lakini akampokea. Sare kuukuu ya binti wa shemeji yangu imemkaa vizuri, imempwaya kidogo mabegani tu.

Njiani mtoto alisimama ghafla. "Na mama akianguka mimi nikiwa darasani?" Nikamwambia haanguki tena, anakunywa dawa. Akaniuliza nina hakika. Nikasema ndiyo. Akakubali kwenda, lakini aligeuka nyuma kila hatua mpaka kona.

Mama Vifungo amenishonea kifungo cha blauzi kilichokuwa kinaning'inia. Kasema haiwezekani mtu wa afya atembee kifua wazi, watu watadhani ndiyo huduma yenyewe! Tulicheka mpaka muuza mkaa akachungulia.

Jumatano, 3 Aprili

Kikao cha ofisini. Wafadhili walikuja, viti vilikodishwa, maji ya chupa kila mtu. Msimamizi alinisimamisha nieleze habari za "mama mmoja". Sikumtaja jina. Nikaeleza dawa, chanjo, shule. Walipiga makofi. Mzungumzaji mmoja akasema huu ndio mfano wa kuigwa. Nilijisikia mrefu, sitaficha.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa safu ya nyuma, mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi. Baada ya kikao akanifuata, akauliza huyo mama anaishi na nani. Peke yake na watoto, nikasema. Akatikisa kichwa polepole. "Una moyo," akaniambia. Sikujua ni sifa au pole.

Jumatano, 17 Aprili

Dawa hakuna.

Nimepita kituoni, mfamasia kaniambia shehena haijafika, labda wiki ijayo. Wiki iliyopita pia alisema wiki ijayo. Nikamuuliza mgonjwa wa kifafa atangojaje? Akasema anajua, shemeji yake mwenyewe yumo kwenye foleni hiyo hiyo. Duka la dawa la barabarani wanazo. Bei yake ni ya watu wengine.

Nimenunua kidogo kwa mfuko wangu. Nina familia nne zenye wagonjwa wa namna hii. Nikimnunulia mmoja nimewaibia watatu. Nimemnunulia Mama Vifungo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimempigia simu. Anasema hajambo. Vidonge bado vipo. Nikafurahi, sikuuliza vimebakije.

Alhamisi, 25 Aprili

Ee Mungu.

Nimetoka hospitali kuu. Mwandiko huu sijui nitausoma.

Muuza mkaa ndiye aliyenipigia. Mama Vifungo alianguka asubuhi akiwa anachemsha maji. Kibogoyo alikuwa anatambaa. Sufuria ilipinduka. Mtoto kaungua tumbo na paja lote la kushoto, ngozi imetoka kama karatasi iliyoloa. Muuza mkaa ndiye aliyevunja dirisha, akammwagia mtoto maji ya baridi, akakimbia naye hadi barabarani. Yule aliyenionya nisikae sana mle.

Mwenyekiti alikuwa shuleni.

Nilipofika wodini Mama Vifungo alikuwa amekaa sakafuni chini ya kitanda cha mtoto. Kichwa kimefungwa bandeji, alijigonga. Nikakaa naye. Akasema alikuwa anavikata vidonge katikati. Nusu leo, nusu kesho, vifike mbali. "Nilitaka nisikusumbue tena, Dada."

Halafu binti akaja na sare, kaletwa na mwalimu. Hakulia. Alimtazama mdogo wake ndani ya yale mabandeji, akamtazama mama yake, mwisho akanitazama mimi.

"Ulisema una hakika."

Ijumaa, 26 Aprili

Sijala. Baba watoto kaniwekea chai mpaka imeota utando. Yeye ni mtu wa kuchomelea mageti, maneno machache, cheche nyingi. Alikaa pembeni yangu tu. Afadhali.

Kibogoyo hajafa. Daktari anasema akivuka siku hizi chache bila kidonda kuoza, atapona, makovu yatabaki. Bandeji zibadilishwe kila siku, kwa usafi, hapo hapo hospitali. Kila siku! Nilisikia kilio chake kutoka ngazi za chini. Kilio kile si cha king'ora tena.

Jumatatu, 29 Aprili

Hospitali wamepeleka taarifa ustawi wa jamii. Ndio utaratibu mtoto akiungua. Nimeitwa ofisini kwa Afisa.

Chumba chake kina dirisha moja na mafaili hadi kwenye kiti cha wageni. Akayahamisha ili nikae. Akasema mtoto ameungua, mama anaanguka, baba hayupo, jamaa hawaonekani. Wote wawili wapelekwe makao ya watoto mpaka hali ya mama itulie. Nikasema hali ilikuwa imetulia! Dawa ndizo zilizokwisha, si mama. Nikasema kwa sauti kubwa, hata karani wa chumba cha pili aliacha kuandika.

Akaningoja nimalize. Akasema, "Dada yangu, hilo najua. Niambie basi, dawa zinakuja lini?"



Akaniambia mwaka juzi alimwacha mtoto mmoja nyumbani kwa sababu mama alimlilia na mfanyakazi mwenzangu alimtetea. Hakumalizia hadithi. Akatazama dirishani. Nilitamani kumchukia, ingenirahisishia mambo.

Mwishoni kasema akipatikana ndugu wa damu mwenye makazi mazuri, watoto wanaweza kukaa kwake. Siku chache tu za kumtafuta.

Jumanne, 30 Aprili

Ndugu yupo! Kaka yake, tumbo moja, ana bucha kando ya stendi. Mama Vifungo hakutaka kumtaja. Nikamlazimisha.

Nimekwenda. Mtu mkubwa, aproni nyeupe safi, nyama zimepangwa vizuri. Nilipotaja jina la dada yake aliacha kunoa kisu. Akauliza watoto wanaendeleaje, akataka kujua kila kitu, kaungua wapi, analia sana? Machozi yamemlengalenga. Nikasema moyoni, tumepona.

Mkewe akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia. Akasema anasikitika, kweli anasikitika, lakini ana watoto wake watatu na ugonjwa ule uko kwenye mate. Nikamweleza hauambukizi, hata kidogo, nikala kiapo. Akasema ndiyo, nyie wa afya mnasema hivyo, na wakianza kuanguka watoto wangu utakuja kuwashika wewe? Nikamgeukia kaka mtu. "Shemeji yako amesema," akaniambia, huku akifuta kisu ambacho kilikuwa kisafi.

Nilipokuwa naondoka akanikimbilia na furushi la nyama. Nimpelekee dada yake, apike supu, apate nguvu. Alinishikisha mkononi, akarudi haraka kabla mkewe hajageuka.

Nikalibeba hadi wodini. Mama Vifungo alitazama lile furushi, akaelewa bila mimi kufungua mdomo. Akaligawa kwa mama wa kitanda cha jirani. "Lichukue, mama, una wageni," akasema. Supu angeipikia wapi, yeye analala chini ya kitanda?

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwambia baba watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimepanga maneno tangu asubuhi.

Akasema, "Vyumba viwili, watu watano, mama yangu humo humo. Niwalaze juu ya mashine ya kuchomelea?" Akatoka nje. Nikamsikia anagonga vyuma, ngo, ngo. Mama mkwe akaniambia mganga hajigangi, mwanangu, wala hawezi kuwabeba wagonjwa wote mgongoni. Tukaosha vyombo.

Jioni akarudi ndani na mikono myeusi. Akasema anaweza kuunga kitanda cha juu na chini, wanne wakalala. Walete.

Nimeolewa na mtu! Nimelia kwenye bega lake hadi nikapata masizi shavuni.

Ijumaa, 3 Mei

Haiwezekani.

Afisa kanisikiliza mpaka mwisho. Hairuhusiwi mtoa huduma kuchukua watoto wa familia anayoihudumia. Kuna sababu, akasema, na sababu zenyewe nazijua, niliwahi kuzifundishwa. Naweza kuomba kama mlezi wa kawaida: niache kazi kwanza, nyumba ikaguliwe, majirani wahojiwe, baraza likae. Lini? Mwaka huu ukiwa na bahati.

Msimamizi naye kanivuta pembeni. Nisijiingize mno. Nitaharibu uhusiano wetu na ofisi ya ustawi. Nikamuuliza makofi yale ya wafadhili yamekwenda wapi? Sikutegemea ajibu.

Dawa zimefika kituoni leo. Leo! Maboksi yamejaa hadi mlangoni. Mfamasia kanipungia mkono kwa furaha.

Nikamwambia Afisa dawa zimefika. Akasema vizuri sana, aanze, baada ya miezi kadhaa wataangalia upya. Jumatatu anawachukua, mdogo akiwa bado hospitali atahamishwa na muuguzi. Kisha akasema niwe pale, mama ananiamini, itakuwa rahisi kwa kila mtu.

Rahisi.

Jumamosi, 4 Mei

Nilikwenda wodini nikiwa nimeshika vidonge vyake. Nilikusudia kumwambia ukweli wote. Nikafika, Mama Vifungo anamwimbia Kibogoyo pua kwa pua, na mtoto — kwa mara ya kwanza tangu aungue — kacheka. Na ndani ya ule ufizi nikaona jino. Limechomoza huko huko wodini, katikati ya vilio vyote! Mama yake akanionyesha kwa kidole, uso wote umefunguka. "Itabidi tumtafutie jina jingine."

Sikusema. Nikampa vidonge, nikamhimiza anywe kizima, si nusu. Akanywa mbele yangu. Nikasema nitarudi kesho tuongee.

Kesho. Mwoga mkubwa we!

Jumapili, 5 Mei

Kitanda kitupu.

Muuguzi alidhani wamekwenda kuota jua. Mfagizi wa wodi akaniambia pembeni, asubuhi Mama Vifungo alisikia manesi wakizungumza habari za gari la Jumatatu. Akamfunga mtoto kwenye kanga juu ya bandeji, akatoka na ndoo kana kwamba anakwenda kufua. Sikumzuia, mfagizi akasema. Nina watoto mimi.

Nikakimbia hadi kwake. Mlango umefungwa kwa komeo la ndani, dirisha lililovunjwa limezibwa kwa ubao. Nikagonga. Nikaita. Nikasikia Kibogoyo anagumia, si kilio, ni kama mlango wenye kutu. Mwenyekiti akajibu kutoka ndani. "Mama amelala."

Nikamwambia mwanangu, bandeji ya mtoto inatakiwa kubadilishwa leo. Nikasukuma sabuni ya dawa na bandeji safi chini ya mlango, na vidonge. Nikaona vidole vyake vinavuta ndani kimoja kimoja. Nikamweleza namna ya kuosha. Akarudia kila neno, kama anayesoma shuleni.

Kisha sauti ya Mama Vifungo, karibu kabisa na mbao, pengine alikuwa amekaa chini kaegemea mlango: "Ulikuwa unajua jana?"

Nikasema ndiyo.

Nilikaa pale nje, mgongo kwenye mlango, mpaka muuza mkaa akaniletea maji ya kunywa.

Sijamwambia Afisa. Hospitali watamwambia wao.

Jumatatu, 6 Mei

Naandikia ndani ya gari la ustawi. Tumesimama nyuma ya karakana ya matairi. Dereva yuko nje anavuta sigara. Afisa kaenda kumtafuta mwenye nyumba.

Tangu asubuhi tumebishana. Nikamwomba tumpeleke muuguzi tu, abadilishe bandeji, habari za makao zisubiri. Akasema amfungulie nani? Anafungua akimwona nani? Akasema daktari kamwambia kidonda cha namna ile kikikaa na uchafu kitaingia kwenye damu, na mtoto wa umri ule hana damu ya kupigana sana. Akasema twende, na mimi nikapanda gari. Nilipanda mwenyewe. Hakunisukuma.

Makao yenyewe nayafahamu. Si jela. Kuna vitanda, kuna bustani ya mboga, kuna mama mmoja mpishi anayewaita wote wajukuu zangu. Wakubwa na wadogo wanakaa majengo tofauti. Mwenyekiti atakuwa jengo la wakubwa. Nani atambeba mdogo wake? Nani atamlaza mama yake ubavu?

Muuza mkaa ametuona. Hajanisalimu. Kageuza kiti chake kikaelekea ukutani.

Joto humu ndani. Mikono haina kazi, ndiyo maana naandika.

Simu imelia. Meseji, ya Mama Vifungo.

"Dada kidonda kinanuka. Hanyonyi tangu alfajiri. Tafadhali njoo wewe. Mwenyekiti anasema kuna gari karakana. Umekuja peke yako? Kama uko peke yako nafungua sasa hivi."

Nimeisoma nikaisoma tena. Hanyonyi!

Nikijibu siko peke yangu, hafungui. Nikijibu niko peke yangu, anafungua, na nyuma yangu watatokea hawa, na binti atanitazama kwa yale macho. Nimetazama kama naweza kushuka nikimbie peke yangu, nifike kabla yao, nimpeleke mtoto hospitali mwenyewe. Dereva kaegemea mlango wa upande wangu. Nimemwambia nataka kushuka. Amesema Afisa ameagiza tushuke pamoja.

Nimeandika ndiyo. Nimefuta.

Wanakuja. Afisa yuko mbele, anatembea haraka, kashika viatu mkononi kwa ajili ya yale maji. Mwenye nyumba yuko nyuma yake na mtaimbo begani. Watavunja. Mtoto yuko sakafuni mle ndani, binti yuko sakafuni, mama kaegemea mbao hizo hizo —

Nimeandika tena. "Ndiyo, niko peke yangu. Fungua." Kidole kiko juu ya kitufe. Afisa ameniona nimeshika simu. Ananyoosha mkono, ananiuliza kupitia kioo, ni yeye? Anasemaje?